Namba Mgongoni

Mkwe wangu alikuwa akizungumza na sakafu.

Alikuwa amelala kifudifudi, mito miwili chini ya kifua, paji la uso limeegemea taulo lililosokotwa kama ngata, na uso wenyewe ukining'inia nje ya ukingo wa kitanda. Macho yote mawili yamefungwa bendeji. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni mtu aliyesujudu akapitiwa na usingizi. Mimi nilikuwa mezani, kando ya kichwa chake, miwani puani, kidole kimoja kikielea juu ya kompyuta yake kama mdomo wa kuku anayeitazama punje kabla ya kuidonoa.

"Umeandika, mama?"

"Nimeandika g, nikaandika r, nikaandika d. Neno gani hili, mwanangu, konsonanti zimebebana mgongoni namna hii? Litatamkwaje?"

"Halitamkwi. Linaandikwa tu. Malizia i, n, f, o."

"Mwalimu wangu wa darasa la pili angelitandika viboko."

Sakafu ikacheka. Nasema sakafu kwa sababu sauti ilitoka huko chini, nzito, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Kicheko kile kilinishtua. Tangu aolewe na mwanangu akaja kukaa nyumbani kwangu, sikuwahi kumchekesha.

Si kwamba tuligombana. Afadhali wanaogombana, kwani hujuana sauti. Sisi tuliishi kwa adabu, kama watu waliokalishwa benchi moja kusubiri kuitwa ndani. Aliniamkia asubuhi, nikamwitikia. Akipika aliniuliza chumvi imetosha, nikamwambia imetosha, hata siku ambayo haikutosha. Kisha alivaa buti zake akaenda kupima ardhi, akirudi na matope mpaka magotini, na jioni akajifungia na kompyuta. Mwanangu, mume wake, ni fundi wa majokofu ya meli, na nchi kavu humwona kwa vipande vya mwaka. Basi nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na ukimya mmoja mkubwa. Jirani aliponiuliza mkwe wangu yukoje, nilimwambia, "Hana ubaya. Ila macho yake ameyaoza kwa kompyuta, sisi wengine ni wageni waalikwa."

Maneno hayo yalinirudia siku jicho lake lilipopasuka.

Halikupasuka kwa nje. Kulichanika kile kitambaa chembamba cha nyuma ya jicho ambacho ndicho kinachoona. Alikuja jikoni ameshika ukuta, akasema kwa utulivu uliotisha kuliko yowe, "Mama, kuna pazia linashuka." Tukakimbizwa hospitali. Jicho lake la pili lilikuwa bovu tangu utotoni. Lilijua mwanga na vivuli, na maandishi lilihitaji kuyanusa ndipo liyasome. Hili lililochanika ndilo lililokuwa macho yake.

Daktari, mama mmoja mfupi mwenye mikono myepesi, alilishona kwa mwanga, sijui hata mwanga unashonaje, kisha akatia ndani kiputo cha gesi. Alinifafanulia mimi, maana mgonjwa alikuwa bado na usingizi wa dawa. "Kiputo hupanda juu siku zote, bibi. Tunataka kipae kuelekea nyuma ya jicho, kikandamize kiraka mpaka kishike. Kwa hiyo nyuma ya jicho ndiko kuwe juu. Alale uso chini, akae uso chini, ale uso chini. Wala asisome. Macho ni mapacha. Moja likikimbia na mistari, lenzake linafuata. Akiinuka kutazama kitu kabla sijamruhusu, kiraka kitabanduka."

"Na kikibanduka?"

"Sitakuwa na pa kushona tena."

Nikarudi naye nyumbani nikiwa nimebeba sentensi hiyo kama mtu aliyebeba taa ya kioo sokoni.

Siku za mwanzo zilikwenda. Nilimpa chai kwa mrija. Nilimkata chakula vipande vidogo nikamlisha kutokea chini, nimeketi sakafuni kama fundi wa magari. Mimi nilikwisha kukaa eda. Najua siku inavyoweza kuwa ndefu ndani ya kuta nne, na najua pia kwamba siku haiwi ndefu kupita kiasi kama ina swala tano za kuikata. Nilipoleta uradi niliuleta kwa sauti, ili naye apate kitu cha kusikiliza. Nilipousoma kimoyomoyo siku moja, aliuliza mbona leo kimya.

Ndipo ikaingia simu kutoka ofisini kwake. Niliibonyeza itoe sauti, nikaiweka sakafuni chini ya uso wake.

"Pole sana, dada," mkuu wake akasema. Alikuwa mtu mwema, sauti imejaa haraka za watu wanaosubiriwa mlangoni. "Usijisumbue kabisa. Wahandisi wanakaa kesho kuchora tuta la mto. Tutawapa vipande vya zamani vya ramani."

"Vipya ninavyo hapa. Vimekamilika. Wanachohitaji ni muhtasari tu wa kila kipande."

"Najua, lakini utaufanyaje? Mwenzako yuko uwandani, simu haishiki. Wewe pumzika. Afya kwanza."

Simu ilipokatika, niliona vidole vyake vimeshika shuka kama mtu anayening'inia darini.

"Vya zamani vina nini?" nikauliza.

"Vilipimwa kabla mto haujahama, mama. Kwa vipimo vile, tuta litapita nyuma ya soko. Mtaa wa chini wote utabaki upande wa maji."

Mtaa wa chini niliujua. Nimeshona sare za shule za watoto wa kule mpaka macho yakadai miwani. Viuno vyao nimevipima mimi, na vya watoto wao.

Akavuta pumzi, akasema taratibu, kama anaongea na mtu mwingine, "Ni kazi ndogo. Ningekaa kidogo tu. Nikafungua hili jicho bovu, nikasogea karibu..."

"Thubutu."

"Mama, kidogo tu."

"Wewe jicho lako unalo moja, nalo lina kiraka kibichi. Mimi nina mawili mazima na miwani juu yake. Nami najua kusoma."

Akasema, kwa heshima ile ile ya benchi: "Si kusoma kama kusoma kitabu, mama."

"Kwani herufi zake ni nyingine?"

Ndivyo nilivyojikuta mezani nikiandika neno lisilotamkika.

Kwanza alinieleza ninachokishika, maana nilikataa kushona bila kujua ni suruali au shuka. "Chukua kitambaa cha drafti, mama," akasema. "Kimetandikwa juu ya ardhi yote, tangu daraja mpaka mtaa wa chini. Kila kimraba kina namba moja, kimo cha ardhi mahali pale. Vimraba ni mamilioni. Hakuna mtu wa kuvisoma vyote. Hii programu unaiandikia amri, na jina la kitambaa, nayo inakujibu kwa mistari michache: kinaanzia wapi na kuishia wapi, kimraba kina upana gani, namba ndogo kuliko zote, namba kubwa kuliko zote, na vimraba vingapi ni vitupu. Basi. Haikuchorei picha wala haikupi maelezo."

"Kama mshona nguo anayeshika jora," nikasema. "Halifungui lote. Anapima upana, anatazama pindo, anatafuta tundu, anajua."

"Ndiyo," akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Ndiyo hiyo hiyo."

Skrini ilikuwa nyeusi tupu, haina picha wala kitu cha kubofya, na kijistari kinachopepesa mahali pa kuandika kama jicho la mtu anayekusubiri umalize kusema. Nikaandika amri, nikaacha nafasi, nikaandika jina la faili. Mafaili alikuwa ameyapa majina ya mahali: daraja, soko, kiwanda, mtaachini. Nikabonyeza. Skrini ikanirushia maneno.

"Inasema nini?"

Nikamsomea herufi moja moja, maana hayakuwa maneno ya lugha yangu.

"Inasema faili halipo. Umeandikaje?"

"Daraja. D kubwa, kama jina linavyotakiwa."

"Andika d ndogo, mama."

"Mashine yako haina adabu, basi." Lakini nikaandika d ndogo, na safari hii mistari ikashuka kwa mpangilio, ikatulia. Niliisoma yote, mkato kwa mkato, nukta kwa nukta. Namba ya chini, mita nne na ushei. Namba ya juu, mita kumi na tisa. Vitupu, sifuri.

"Safi," akasema. "Nakili pembeni. Twende soko."

Soko likawa safi. Kiwanda kikawa safi. Asubuhi ilikuwa nzuri. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba, na uani kwa jirani mtu alikuwa akipiga zulia kwa fimbo, tap, tap, bila haraka. Kidole changu kilikuwa kimeanza kujua njia. Hata lile neno la konsonanti tatu lilitoka bila mimi kulitazama, na nilijisikia, Mungu anisamehe majivuno, kama mtu aliyepewa ofisi.

Kisha nikaandika mtaachini.

Mistari ikashuka. Nikasoma mipaka. Nikasoma upana wa kimraba. Nikafika kwenye namba ya chini, nikasita, nikafuta miwani kwa upindo wa mtandio, nikatazama tena.

"Mama?"

"Kuna kistari mbele."

"Hasi. Chini ya usawa wa bahari kidogo, inawezekana pale. Hasi ngapi?"

"Hasi elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane."

Zulia la jirani likaendelea kupigwa.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Mama, hiyo haiwezekani. Hakuna shimo la namna hiyo duniani. Umeruka nukta."

"Nukta hakuna."

"Itakuwa umeunganisha namba mbili. Au umesoma mstari mwingine." Sauti ilikuwa imeanza kupanda. Mtaa wa chini ndio ulikuwa moyo wa kazi yote. Kama kipande kile kilikuwa kimeharibika, vile vitatu safi havikuwa na maana. "Ngoja. Ngoja nione mwenyewe."

Nikamwona akiweka viganja kwenye godoro. Mkono mmoja ukasukuma. Mwingine ukaenda kwenye bendeji ya jicho bovu, ukashika ncha ya plasta.

Nimezaa, nimezika mume, nimekaa na wagonjwa kadhaa mpaka mwisho wao. Si mtu wa kushtuka upesi. Lakini nilifika kitandani sijui kwa mguu upi. Niliweka kiganja changu kisogoni kwake. Sikumkandamiza. Nilikiweka tu, kama unavyoweka mkono juu ya sufuria kujua kama inachemka.

"Ukiinuka," nikasema, "utaiona namba ile ile, na itakuwa ya mwisho kuiona."

Shingo yake ilikuwa ngumu kama mpini.

"Siwezi kuituma kwa kusikia tu, mama. Siwezi. Lazima niione."

Hapo sikumlaumu. Mtu aliyezoea kuona kwa macho yake, ukimpa maneno ni kama umempa picha ya chakula. Nikafikiri. Kisha nikamfunulia shuka mgongoni, nikapandisha kanzu yake ya kulalia mpaka mabegani, nikasema, "Basi itazame hapa."

Kwa kidole nikachora kistari, cha kulala, kutoka bega mpaka bega. Chini yake nikaanza namba. Tatu, nikaiandika kubwa, taratibu, kama nilivyofundishwa kuiandika kwenye mchanga kabla sijapewa daftari. Nikapangusa kwa kiganja. Mbili. Nikapangusa. Saba. Nikarudi mezani kutazama, nisije nikaandika ninachokikumbuka badala ya kilichoandikwa. Sita. Nikarudi tena. Nane.

Ile nane sikuimaliza. Nilikuwa bado ninapindisha duara la chini nilipohisi mgongo umeanza kucheza chini ya kidole changu. Nikadhani analia. Nikakiondoa kidole.

"Jamani," akasema. "Jamani, jamani mimi!" Alikuwa anacheka mpaka kitanda kinalia. "Mama, si shimo. Si shimo wala si kosa lako. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Ile si namba. Yaani ni namba, lakini maana yake si kimo. Mashine ya kupimia ikikosa kupima mahali, haiachi wazi, inatia namba isiyowezekana, ili kila mtu ajue hapa hakuna aliyefika. Ni hiyo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Nilitakiwa kuiambia programu: ukikutana na hii, ihesabu kuwa tupu. Kwenye vipande vingine haikuhitajika. Kwenye hiki nilisahau. Ile wiki ya mwisho nilikuwa nakimbizana na lile pazia."

Mikono yake ilikuwa imerudi chini, imelegea. Shingo ilikuwa imelala tena kwenye taulo. Nikamshushia kanzu, nikamfunika. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo," nikasema, "wakubwa wa mashine wamekaa, wakachagua namba ya kusema sijui."

"Ndiyo, mama."

"Basi wana adabu kuliko nilivyowadhania."

Tukaandika upya. Baada ya jina la faili alinipa alama ya jumlisha, na n, na namba ile na kistari chake. Nilibonyeza kwa jina la Mungu, kwa sauti, naye akaitikia kutoka chini. Mistari ikashuka. Namba ya chini, mita moja na robo. Na pale pa vimraba vitupu, ambapo vipande vingine vilikuwa na sifuri, palikuwa na mia nne na kitu.

"Ni kwenye matete," akasema baada ya kufikiri. "Nyuma ya zile nyumba za mwisho. Hatukuweza kupita na vifaa."

Mkuu wa ofisi alipopigiwa alifurahi mpaka akasahau kusema pole. Aliposikia habari ya vitupu, akashauri, kwa nia njema kabisa, wavijaze kwa wastani wa vya jirani, jedwali lisiwe na matundu mbele ya wahandisi.

"Hapana, mkuu," mkwe wangu akaiambia simu sakafuni. "Waambie hapo hapajapimwa. Watume watu wakapime. Mtu akikujazia tundu la jora kwa chaki, unalijua siku ya kuvaa."

Nilimtazama kisogo. Hakuna aliyemfundisha msemo huo. Aliutunga pale pale, kwa ajili yangu, bila kuniona.

Watu walitumwa. Walipita kwenye matete kwa mitumbwi ya kukodi, wakapima, na tuta likachorwa upande wa pili wa nyumba za mwisho. Leo lina nyasi, na mbuzi wanapanda juu yake kana kwamba liliumbwa pamoja na mto. Watu wa mtaa wa chini hawajui kwamba waliwahi kuwa nje. Sioni sababu ya kuwaambia. Mto umepanda mara kadhaa tangu wakati huo, ukafika ulipofika, ukarudi.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni zile asubuhi baada ya daktari kumwambia inuka.

Alilimulika jicho muda mrefu, kisha akasema kiraka kimeshika. Kiputo kilikuwa bado kimo ndani, kinanywea chenyewe kidogo kidogo, na kwa kuwa jicho hupindua picha, yeye alikiona upande wa chini. Kwa mkwe wangu dunia ilikuwa kama kitu kilichochovywa kwenye gilasi ya maji: juu pamekauka na panaonekana, chini pamezama, panatikisika. Kila siku ule mstari wa maji ulishuka kidogo.

Nikishamaliza swala na uradi, nilimletea chai dirishani, nami nikaketi mbele yake na yangu. Alinitazama kwa uangalifu ule wa kazi yake.

"Leo nina mtandio wako tu, mama. Wa kijani."

Siku nyingine: "Leo nimefika kwenye paji. Hilo ni kovu, juu ya nyusi?"

"Niliangukia ukingo wa kisima, utotoni."

"Miaka yote hii sikuliona."

"Hukuwa na sababu ya kulitafuta."

Siku nyingine akafika machoni, akakaa hapo, nami nikaona haya kama bibi harusi, nikajifanya natafuta sukari. Siku nyingine tena akapiga kofi gotini: "Pua ya mume wangu hii! Kumbe aliiiba huku."

Kisha ikaja asubuhi aliyonitazama bila kusema kitu. Kikombe kilikuwa mikononi mwake, mvuke umekwisha.

"Maji yamefika wapi?" nikamuuliza.

"Mdomoni."

"Ehe?"

"Nilidhani umenuna, mama," akasema. "Sauti yako ilivyo. Nilidhani siku zote umenuna. Kumbe ulikuwa unatabasamu."

Nikamwambia anywe chai, inapoa.